Kengele Ilikuwa Inalia Bure
...chache mno, amesema chache mno, au ni mngurumo wa jenereta umenidanganya, hapana, Farhana, injinia mpya wa ubora, anarudia, kidole juu ya chati ya mashine yangu ya kujaza dawa ya kikohozi, "Mzee Wamalwa, hii mistari miwili ya mipaka waliikadiria kwa chupa za asubuhi moja tu, chache mno, wakaona kipimo cha dawa kinapishana kidogo sana chupa kwa chupa, kumbe kwa kawaida hupishana zaidi, basi mipaka ikawa finyu, kengele ikawa inalia hata pasipo na kosa," pasipo na kosa... Mungu wangu, na mimi mwaka mzima kila ikilia naruka kama mwizi, nakaza skrubu, nalegeza, inalia tena, na Faustino msimamizi anapita akitikisa kichwa, "Bambi, maskini mzee, mikono imechoka," nikaamini, nani angebishana na chati, nikaanza kuiona mikono ikitetemeka, kwenye kijiko, kwenye vifungo vya shati, nikamwambia Loice, mke wangu, umenifika ugonjwa wa kutetemeka uliomuua baba kule Bungoma, akageukia sufuria zake nisimwone akilia, na binti yetu Valarie alipokuja kwetu Lubaga na mjukuu wa kwanza, mchanga kabisa, shingo haijakaza, "Baba, mpokee," nikarudi nyuma, nikasema nina mafua, mafua!, akanitazama, akamfunika mtoto, hajaja tena... "Na ulivyoirekebisha kila ikilia," Farhana anasema polepole, kama anayetoa habari za msiba, "ndivyo ilivyozidi kuyumba," yaani mashine ilikuwa nzima mpaka nilipoigusa, na mimi, mimi je, nilikuwa mzima siku zote?, "Kale, haya, yaishe, tuwashe," anasema Faustino, yaishe!, kana kwamba amenikanyaga kidole tu, nataka kumfokea, "Mzee, unasikia?" anauliza Farhana, nasikia, nasikia sana, mjukuu sasa atakuwa anatambaa, akiniona atalia, mimi mgeni kwake, basi na alie, nitambeba hivyo hivyo akilia, akipiga mateke, na Valarie nitamwambia niliogopa kumwangusha, nitamwambia kabla hata ya kukaa... "Mzee Wamalwa?" Faustino bado ameshika swichi, anangoja nimwitikie.