Kamera Iliyoziba Mwanya Wangu

Usiku wa kuamkia leo niliota kamera ya zamani ya simu yangu amekaa barazani, kafungasha vitu vyake ndani ya kanga, analia kwa adabu. Jicho lake ni moja tu, kwa hiyo machozi yalikuwa yanatoka upande mmoja.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nimeachishwa kazi," akasema. "Si mwenyewe jana ulisema kila mara?"

Ngoja niwaeleze hapo, msije mkadhani mimi ni mtu wa kufukuza watu. Jana mchana mjukuu wangu Nasra, aliyejifungua hivi karibuni na yupo kwangu tunamtunza, aliniwekea kamera mpya kwenye simu. "Bibi, hiyo yako inakuzeesha," alisema. "Hii inang'arisha." Picha zilitakiwa kwa ajili ya leo, maana leo ndiyo siku binti yake anapewa jina, na jina lenyewe ni langu, Mwantumu.

Basi nilipobonyeza, simu ikaniuliza: hii kamera mpya itumike mara moja tu, au kila mara? Sasa mgeni akisimama mlangoni akakuuliza nije mara moja tu au nije kila mara, mtu aliyelelewa atajibu nini? Nikabonyeza kila mara. Niliona ndiyo adabu.

"Kila mara ni kila mara," kamera wa zamani akasema. "Mimi hapa sina tena pa kukaa. Nakwenda Mipangilio."

"Ndiyo wapi huko?"

"Juu, ukishaipita Betri. Ndiko wanakokaa wasiotumika."

Nikaona nimchangamshe kidogo. "Kitendawili."

"Tega," akasema, huku analia.

"Ana jicho moja, asipolifumba haoni."

"Huyo ni mimi," akasema. "Lakini tangu jana ni mwingine." Akajitwisha furushi lake, akapanda mlima bila kugeuka.

Nikaingia jikoni. Mgeni ameshafika. Ni kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka linatoa sauti, na mkononi ana kitambaa cheupe. Hasalimii, anafuta. Amefuta masizi ya sufuria. Amefuta nyufa za ukutani. Kuku wangu wa madoadoa alipopita, kijana akamfuta madoadoa, na yule kuku akajitazama ubavu huu, akajitazama ubavu ule, akatoka nje bila kusema neno. Mimi niliona ana mengi ya kusema.

"Karibu, baba," nikasema. "Umekula?"

"Mimi sili. Bibi, hebu tabasamu."

Nikatabasamu. Akanisogelea na jicho lake, akakunja uso.

"Hapa mbele pana nafasi."

"Hiyo si nafasi, mwanangu. Huo ni mwanya."

"Ni nafasi," akasema. "Nimeshaijaza."

Ulimi wangu ukaenda kutazama. Ukakuta ukuta.

Niwaambie jambo moja kuhusu mwanya huu. Katika ukoo wetu mtoto hatamkiwi jina mpaka mwenye jina lake amtemee baraka kwenye paji la uso. Mate kidogo tu, membamba, tena lazima yapite kwenye mwanya. Bibi yangu alinitemea mimi hivyo hivyo. Bila hayo jina halishiki, linamteleza mtoto kama kanga ya hariri begani. Kwa hiyo mwanya wangu si pambo. Ni chombo cha kazi, na kazi yenyewe ni leo.

Nilipogeuka nikamkuta mwanya wangu amekaa kwenye kigoda. Mwanya ni kitu ambacho hakipo, kwa hiyo kigoda kilikuwa kitupu. Lakini kilikuwa kitupu kwa namna ya mtu aliyekasirika.

"Miaka yote hii," mwanya akasema, kwa ule mluzi wake mwembamba, "leo unanitupa nje kwa ajili ya kijana mwenye kitambaa. Na mumeo alikuoa kwa ajili yangu."

"Mume wangu alinioa kwa mapishi."

"Mapishi!" Akacheka mpaka kigoda kikayumba. "Ule wali wa siku ya kwanza aliufukia nyuma ya banda. Nilikuwa mdomoni mwako, nilimwona."

Hapohapo mlango ulifunguka, Nasra akaingia amembeba mtoto. Mtoto mwenyewe ndiye aliyepiga hodi. Alikuwa mchanga vilevile kama alivyo, mikono imefungwa ndani ya nguo, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyepanda mlima.

"Karibu, somo yangu," nikamwambia.

Akanitazama. "Mama, huyu ni nani?"

"Ndiye Bibi, somo yako," Nasra akasema.

"Somo yangu ana mwanya. Huyu ana ukuta."

Nikaona tusibishane. Nikainama, nikatema baraka. Mate yakagonga lile jino jipya, yakarudi, nikayameza. Nikawa nimejibariki mwenyewe.

"Msihangaike," kijana wa kitambaa akasema. "Jua likizama hana jina, nitampa mimi. Picha zangu zote nazipa majina. Mwaka, mwezi, siku, saa, dakika."

"Mtoto aitwe dakika?" nikamuuliza.

"Na sekunde."

"Mpaka nimalize kumwita," Nasra akasema, "ugali umeshapoa."

"Na kitu kisicho na jina," kijana akaendelea, bila hasira yoyote, "ni rahisi kukisafisha." Akanyoosha kitambaa, akampitishia mtoto usoni, mara moja, taratibu. Nyusi ya kulia ikaondoka.

"Somo," mtoto akaniambia, "kama ni wewe, fanya haraka."

Nikafungua kabati la vyombo nichukue kanga yangu ya kutokea. Ndani ya kabati hakuna vyombo. Kuna ukumbi mrefu, wa baridi, na pande zote milango, na kila mlango una swichi inayoteleza kushoto na kulia. Juu pameandikwa Mipangilio. Naingia, na mwanya wangu ananifuata. Sijamwona akinifuata, ila nasikia mluzi.

Mwisho wa ukumbi kuna meza. Nyuma ya meza hakuna karani, kuna gurudumu kubwa lenye meno, linazunguka polepole. Pembeni, juu ya benchi, kamera wangu wa zamani amekaa na furushi lake pamoja na wenzake wasiotumika: saa ya kuamshia, kikokotoo, na dira, ambaye alikuwa akiwaelekeza wote kaskazini ingawa hakuna aliyemwuliza.

"Shida?" gurudumu likauliza.

Nikalieleza. Nikasema namtaka kamera wangu wa zamani arudi kwenye nafasi yake, na mwanya wangu kwenye nafasi yake, maana kuna mtoto nyumbani ana nyusi moja.

"Hilo dogo," gurudumu likasema. "Umemkaribisha kwa mdomo wako, mtoe kwa mdomo wako. Mtazame usoni, umwambie: futika. Basi."

"Yuko wapi nimwambie?"

"Nipo," kijana akasema nyuma yangu.

"Mimi sikukuita huku."

"Kila mara," akasema.

Nikageuka. Nikamtazama usoni. Nikafungua mdomo. Neno likaja mpaka kwenye meno, likakaa. Jamani, kwetu mgeni hafukuzwi. Kuna mtu alifika kwa mama yangu kuomba moto wa kuwashia sigara, akakaa msimu mzima wa mahindi, na mama akampikia mpaka alipochoka mwenyewe kula. Mimi nimetoka tumbo hilo. Nitamwambiaje mtu futika, tena amekuja na shati limepigwa pasi?

"Sema basi," gurudumu likasema.

"Naanzaje?"

Wakati huo kijana alikuwa halitazami jambo letu. Alikuwa analitazama gurudumu. "Aisee," akasema. "Hapa pana nafasi nyingi sana." Na kabla hatujamzuia akaanza kuziziba, jino kwa jino.

"Wewe! Acha!" gurudumu likapiga kelele. "Mimi nazunguka kwa mianya! Ukiniziba nasimama!"

"Utapendeza," kijana akasema.

Gurudumu linapunguza mwendo. Taa za ukumbini zinapunguza mwendo. Maneno yangu yenyewe yanatoka polepole kama uji mzito. Kwa mbali, kupitia mlango wa kabati, naona jikoni kwangu: jua limeshafika kwenye mgongo wa mlima, na nyusi ya pili ya mtoto inafifia yenyewe.

"Somoooo," mtoto anaita.

"Kitendawili," mwanya wangu akaninong'oneza.

"Sasa hivi?"

"Wewe unaniuliza sasa hivi? Wewe uliyewategea watu vitendawili msibani? Kitendawili."

"Tega."

"Anatoka kwangu, nami nimemshika mkono."

Nikalijua jibu kabla hajamaliza. Nikajifunga kanga vizuri kiunoni, nikamwendea kijana, nikamshika mkono ule wa kitambaa.

"Mwanangu," nikamwambia, "umekaa nasi vizuri, umefanya kazi nyingi, Mungu akuweke. Haya, inuka nikusindikize."

Akasimama kuziba. "Sijasema naondoka."

"Ndiyo, lakini giza lisikukute njiani. Twende, nikufikishe pale kwenye kona."

Akanitazama, akalitazama gurudumu, akatafuta kwenye kitambaa chake kama kuna jibu. Hakuna. Simjui mtu aliyewahi kukataa kusindikizwa, na nadhani hata yeye hakumjua. Akakunja kitambaa mara nne, akakitia mfukoni, akanifuata. Nyuma yetu gurudumu lilitema vijino vyote alivyolijaza, vikalia kwenye sakafu kama maharage.

Ukumbi ukawa njia yetu ya kuteremkia barabarani, kabichi huku, maharage kule. Nilimpa viazi vya kuchemsha nimevifunga kwenye jani la mgomba. Alisema yeye hali chakula, nikamwambia hivyo si vya kula, ni vya njiani. Akavipokea kwa mikono miwili.

Tukatembea. Baada ya kitambo akauliza, "Bibi, nilikosea wapi? Nilitaka uonekane mzuri."

"Najua, baba. Ila mimi nilikuwa mzuri kabla hujafika."

"Sikuambiwa," akasema.

Nikamhurumia. Tulipofika kwenye kona akauliza, "Sasa nirudi lini?"

"Siku Nasra akialikwa harusini, uje uwapige picha mashoga zake. Wao wanapenda. Mara moja tu."

Nilipotamka hayo maneno mara moja tu, mgeni wangu akawa mwepesi, akawa bapa, na upepo wa mlimani ukambeba kwa heshima. Aliinua mkono. Nami nikainua wangu. Halafu kitu baridi kikaingia mdomoni katikati ya meno ya mbele. Ni hewa. Mwanya amerudi nyumbani kwake.

"Nyanyua miguu!" akapiga mluzi. "Jua linazama!"

Nikakimbia kupanda mlima. Nilikimbia kama msichana anayewahi bomba la maji, kanga mkononi. Njiani nikampita kamera wangu wa zamani naye anakimbia na furushi kichwani. "Nimesikia kuna nafasi!" ananiambia. "Ipo, wahi!" namwambia.

Naingia jikoni. Jua limebaki ukucha. Mtoto hana nyusi hata moja, na pua imeanza kufanya haraka ya kuondoka. Nasra amemkumbatia, amefumba macho. Nainama. Natema. Mate yanapita kwenye mwanya, membamba, yana mluzi ndani yake, yanatua katikati ya paji la uso.

"Mwantumu," nikamwita.

Nyusi ya kushoto ikarudi. Halafu ya kulia. Pua ikakaa chini.

"Abee, somo," akasema. "Umekawia."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, baridi imetanda chumbani, ukungu umeegemea dirishani. Kitu cha kwanza niliutuma ulimi wangu ukaangalie. Mwanya upo. Nikalala vilevile chali, nikawa nashukuru kimya kimya.

Mlango ukagongwa. Nasra akaingia, mtoto kifuani amemviringisha mablanketi, anaonekana pua tu na macho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Salama. Bibi, usiku uliingia chumbani kwetu?"

"Mimi? Sijabanduka hapa."

"Mbona mtoto ameamka kalowa hapa?" Akamfunua kidogo, akaniinamishia. Katikati ya paji la uso palikuwa na tone moja, dogo, linameta. "Nimelifuta sasa hivi. Limerudi."

"Jasho hilo," nikasema.

"Jasho gani, Bibi? Lushoto, mwezi wa saba?"