Makapi ya Ubaruku

Ruwaida alipanga njia za ndege za kampuni yao ndogo akiwa ofisini Mbeya, na sifa yake ilikuwa moja: ndege zake hazikuwa na kiu ya mafuta. Aliukwepa upepo mbaya, akaufuata mzuri, hata kama njia ilipinda. Wenzake walitegemea kompyuta. Yeye, kabla ya kuiamini kompyuta, alimpigia simu mama yake, Bi Waridi, aliyepepeta mpunga kule Ubaruku, chini kabisa ya njia ya ndege.

"Shikamoo mama. Makapi yanaangukia wapi leo?"

"Marahaba mwanangu. Upande wa Mbeya, tena yanakwenda mbio."

Kompyuta ilisema upepo umegeuka, utaikabili ndege usoni. Ruwaida akaicheka. Miaka mitatu makapi hayakuwahi kumdanganya. Akaipitisha njia juu ya Iringa na Ubaruku, akapunguza mafuta ya ndege ya asubuhi ya kutoka Dar kuja Mbeya. Rubani alikuwa mumewe, Yunusu, mwenye abiria kumi na mmoja. Alitia sahihi bila kuuliza, maana mkewe akishausema upepo, umesemwa.

Saa nne simu ikaita. Mama tena.

"Umeme umekatika, mwanangu. Mashine imezima, na makapi yote yanaturudia machoni."

"Mashine gani, mama?"

"Si hii ya kupepetea! Imeletwa jana, ina feni kubwa kama mlango. Kwani sikukwambia?"

Ruwaida aliuliza makapi, akajibiwa makapi. Akaidaka redio.

"Baba Amna, rudi Iringa! Upepo uko mbele yenu, mafuta hayatoshi!"

"Iringa yote ukungu, Mama Amna. Nimeipita sikuona hata kiwanja." Sauti ya Yunusu ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha. "Taa ya mafuta inawaka muda sasa. Nilidhani imeharibika, maana wewe hukosei."

Kisha redio ikanyamaza. Akaita, akaita tena, akaita kwa jina la mtoto wao. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Ruwaida hayakungoja hata adhuhuri.

Simu ikaita.

"Mwanangu," Bi Waridi akasema kwa mshangao, "ndege yenu imetupita sasa hivi juu ya majaruba, chini chini. Mbona leo haina mlio?"