Aliyekatwa Pichani

Mwaka wa 1992 mzee Munguti alipooza upande wa kulia na ulimi wake ukawa mzito. Binti yake Mukai alitafuta cha kumfurahisha akakosa. Mzee alikuwa amefanya kazi ya reli Kajiado miaka mingi, mtu wa hadithi na mzaha, na sasa alikuwa akishinda barazani kwao Kitengela, akitazama malori yakienda Namanga, bila neno.

Mukai alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mwenzake shuleni, Mwalimu Akoth, aliwahi kumwonyesha kitabu alichokuwa ametengenezea ukoo wake: karatasi za manila zilizotobolewa na kufungwa kwa utepe, zimebandikwa picha za zamani, barua na vyeti, kila kimoja na maelezo yake chini kwa kalamu ya rangi. Mukai alikipenda mno. Akasema, baba naye atapata chake.

Mama yake, Nzula, akamtolea sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Maisha yote ya mzee yalikuwa humo: kipande, kile kitambulisho cha enzi ya mkoloni, chenye alama za vidole, barua ya kuajiriwa reli ya 1949, cheti cha ndoa cha 1954, risiti za kodi zilizogeuka rangi ya chai. Kadi za ubatizo zilikuwa nne. Watoto wa Munguti na Nzula walikuwa watatu.

"Mwaitu, huyu Rachel ni nani?" Mukai aliuliza.

Mama yake alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Kulikuwa na Munguti mwingine huko reli. Karatasi zao zilikuwa zinachanganyika. Weka hiyo kando."

Kadi ilisema baba ni Munguti wa Kitheka. Kitheka ndiye aliyekuwa babu yake Mukai. Mukai akaisoma tena kadi, akairudisha sandukuni.

Picha nzuri kuliko zote ilipigwa pale stesheni, mbele ya nyumba ya reli, mwanzoni mwa 1957. Mzee bado kijana, amevaa kofia ya kazi. Nzula amempakata Mukai mwenyewe, mtoto wa miezi michache. Na kando, ameshika mkono wa mzee, msichana wa miaka sita au saba, kichwa kimenyolewa, gauni la maua, shanga shingoni.

"Na huyu?"

"Yaya. Alikuwa anakubeba. Si mtu wetu. Mkate umtoe, picha ikae vizuri."

Ni kweli picha ilikuwa pana kuliko karatasi. Mukai alichukua makasi akakata polepole, asije akagusa bega la baba yake. Lakini vidole vya yule mtoto vilikuwa ndani ya kiganja cha mzee, na hapo makasi hayakuwa na njia. Vikabaki. Kile kipande alikifagia pamoja na vibanzi vingine vya karatasi, na jioni hiyo vyote vikawashia jiko.

Kitabu kilipokamilika alikiweka kwenye mapaja ya baba yake. Mzee alifungua kwa mkono wa kushoto, ukurasa mmoja baada ya mwingine, akitikisa kichwa kwa furaha, hadi akafika kwenye ile picha. Hapo akasimama. Akaweka kidole kwenye ukingo uliokatwa, akakipitisha juu na chini, juu na chini. Alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Machozi yakamtoka.

"Umekumbuka stesheni, eh baba?" Mukai akamwambia huku akitabasamu. Na kwa kuwa mzee hakuwa anageuza, alimgeuzia ukurasa yeye mwenyewe.

Munguti alifariki 1994. Siku ya mazishi kitabu kilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, na wengi walimsifu Mukai.

Mwaka wa 2003 ukoo uliamua kukutana Desemba, na Mukai akaombwa aongeze kurasa kwenye kile kitabu. Alitaka tarehe kamili, basi likizo ya Agosti akapanda basi hadi Kajiado, kwenye kanisa alikobatizwa yeye na ndugu zake. Katekista, mzee mmoja mpole aitwaye Gideon, alimtolea daftari kubwa la ubatizo lenye jalada lililolika pembeni.

Jina lake Mukai lilikuwa hapo, Desemba 1956. Juu yake, siku hiyohiyo, kwa mwandiko uleule, palikuwa na jina jingine: Rachel, amezaliwa 1950. Baba, Munguti wa Kitheka, wa reli. Mama, Soila binti Simel. Mtoto anaishi kwa baba.

Alisoma mara tatu. Walibatizwa pamoja, kwa maji yaleyale.

"Huyo Rachel alikuwa mtu wa hapa," Gideon akasema. "Alikuwa anauza maziwa karibu na soko la ng'ombe. Tulimzika mwaka wa tisini na tisa. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake," Mukai alijibu. Lilikuwa neno rahisi kutamka, na lilikuwa limechelewa miaka minne.

Gideon alimwelekeza kwa binti wa marehemu, Naipanoi, fundi wa nguo aliyekuwa na kibanda nyuma ya ofisi za wilaya. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, sindano zimechomekwa kifuani. Alimsikiliza Mukai akijieleza, akamvutia kiti, akaagiza chai. Halafu akasema, "Kuna picha moja tu mama alikuwa anatuambia. Alipigwa picha akiwa na babake pale stesheni. Sisi hatuko na picha yake hata moja. Ile ya kitambulisho, chifu alichukua kitambulisho tulipoandikisha kifo. Mtoto wangu ananiuliza nyanya alikuwa anakaa aje, sina cha kumwonyesha. Hiyo picha mko nayo?"

Mukai angeweza kusema ilipotea. Hakuna ambaye angejua.

"Iko," akasema. "Lakini mamako hayuko ndani. Nilimkata."

Naipanoi akaondoa mkono kwenye cherehani. "Kwa nini?"

"Ili itoshe kwa karatasi." Aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, akaona jinsi yalivyokuwa madogo. "Na mama yangu alisema si mtu wetu. Lakini kadi nilikuwa nimeiona, Naipanoi. Jina la baba lilikuwa pale. Niliona nikanyamaza."

Naipanoi alinyoosha kitambaa kilichokuwa mbele yake, akakikunja, akakinyoosha tena.

"Mama alikuja mazishi ya huyo mzee," alisema. "Alisimama nyuma na wageni. Akaniambia kulikuwa na kitabu kinapitishwa, kikamfikia, akafungua. Aliporudi alikaa kitandani na viatu. Akasema, 'Nimetolewa.' Hiyo tu. Hakuongea tena mambo ya Kitengela mpaka akaenda."

Chai ililetwa. Hakuna aliyeinywa.

Mukai alipofika nyumbani alimkuta mama yake akianua nguo. Alimweleza yote palepale kwenye kamba. Nzula alisikiliza, shuka mkononi.

"Alikuwa ananiita mama," akasema hatimaye. "Alikuwa anakubeba, hiyo si uongo. Nilipopata mtoto wa kiume nikamwambia babako achague, yeye au sisi. Akampeleka kwa kina Simel asubuhi, akarudi saa sita, akaenda kazini. Hakunilaumu hata siku moja. Ndiyo maana nilishindwa kuomba msamaha. Ningeanzia wapi?"

Desemba ile Naipanoi alikuja na mtoto wake. Mukai alikuwa amemtengenezea Rachel ukurasa wake: ile kadi ya ubatizo, maneno ya daftari la kanisa aliyoyanakili kwa mkono, na nafasi ya picha aliyoiacha wazi kwa kuwa hakuwa na cha kuweka. Naipanoi alisoma akiwa amesimama. Kisha akafungua ukurasa wa stesheni, akavitazama vile vidole vidogo kwenye kiganja cha mzee. Akamwinua mtoto naye aone.

"Niibandue uende nayo?" Mukai aliuliza.

"Hapana. Iache. Ukibandua utairarua."

Aliondoka kabla ya chakula kupakuliwa. Nzula hakutoka chumbani kwake siku nzima. Alisema miguu inamuuma. Mukai alipoingia kumwona alimkuta ameketi dirishani, mahali ambapo lango lilionekana vizuri.

Tangu hapo, kila likizo Mukai huenda Kajiado. Naipanoi humkaribisha, humpa chai, humshonea nguo akihitaji. Humwita Mwalimu. Kwa desturi angepaswa kumwita mama mdogo, na mtoto wake angemwita nyanya, lakini Mukai hajawahi kuwaomba. Nzula alipofariki 2006, Naipanoi alipiga simu akasema pole, akasema hataweza kuja mazishini, ana kazi nyingi ya sare za shule wiki hiyo. Ilikuwa Aprili, shule zimefungwa, na msimu wa sare ni Januari. Mukai alimshukuru kwa kupiga.