Insha ya Yatima

Mshauri alikuwa na tai tatu, ofisi moja, na picha yake ukutani akiwa kwenye theluji, amevaa koti la kuazima. Kwa picha hiyo tu, mama yake binti alimwamini kuliko daktari. Miezi minne ya ng'ambo, basi, karudi bingwa wa kuwaombea watu nafasi kwenye vyuo ambamo yeye mwenyewe hakuwahi kutia mguu.

"Haya, binti," alisema siku ya kwanza. "Unataka sayansi ya kompyuta. Umefanya nini cha maana?"

Binti akamweleza. Mama yake ni fundi cherehani, na kila siku kitambaa kizima kizima kilikuwa kinaishia kwenye kapu la mabaki. Basi alikaa miezi sita akaandika programu: unaingiza vipimo vya mteja, yenyewe inapanga vipande juu ya kitambaa, inageuza mkono huku na kola kule, mpaka mabaki yanabaki kidogo. Ilikosea mara kibao. Gauni la kwanza, alilojishonea mama mwenyewe, lilitoka na mikono miwili ya kushoto. Lakini sasa fundi hagusi mkasi kabla hajaiuliza.

Mshauri akacheka mpaka tai ikalegea. "Maprofesa wa watu unawapelekea habari za vitambaa? Futa."

Akafuta. Mahali pake Mshauri akaweka roboti ya kugundua magonjwa, medali ya hisabati, na chama cha vijana mia tatu ambacho mwenyekiti wake ni binti, ambaye maishani hajaongoza hata foleni ya maji. Hayo yote binti aliyameza. Kitu cha mwisho kilimkwama kooni, lakini nacho alikiitikia kwa kichwa, maana Mshauri alimwambia waombaji ni maelfu, ufadhili ni mmoja, na wanaosoma maombi wanapenda kulia.

Siku ya mwisho ikafika. Maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni. Saa tisa binti alikuwa kwenye meza ya kukatia na kompyuta yake ya mitumba, na fundi yuko kwenye cherehani, anapinda suruali ya mteja.

"Nisomee hiyo insha," mama akasema. "Hicho Kiingereza chao nigeuzie."

"Ni ndefu, mama."

"Na suruali hii nayo ni ndefu. Soma."

Akasoma, anageuza sentensi moja moja. Kwenye roboti mama akaguna. Kwenye chama akazidi kukanyaga cherehani. Kisha binti akakohoa, akaruka mistari mitano.

"Umeruka," mama akasema. "Kidole kilikuwa juu, sasa kiko chini. Rudi."

Binti akarudi. Sauti ikawa ndogo. "Tangu mama yangu alipofariki, nikiwa na miaka tisa, niliapa kutengeneza roboti..."

Cherehani ikasimama.

"Nilikufa lini?" fundi akauliza taratibu, kama anayeuliza nguo inachukuliwa siku gani.

"Mshauri ndiye aliye—"

"Mshauri simuulizi. Wiki iliyopita tu nimemshonea kifungo, kakaa hapo hapo anatazama maiti inavyotunga uzi. Nakuuliza wewe. Ulisoma ukaona sawa?"

"Nilisoma," binti akasema, aibu imempanda mpaka masikioni. "Nikasema nikipata nafasi utanisamehe."

Mama hakumfokea, na hilo ndilo lililomuumiza. Alikata uzi kwa meno, akaiweka suruali pembeni.

"Kwenye ile programu yako ya vitambaa, mimi nimo?"

"Umo. Vipimo vya kwanza kabisa ni vyako."

"Basi andika hiyo. Yale makosa yake yote uyaweke."

"Wakinikataa je, mama?"

"Watakukataa ukiwa na mama."

Binti akafuta roboti, medali na mwenyekiti, akaanza upya. Saa kumi na nusu fundi aliinuka, akachakura chini kabisa ya kapu la mabaki, akaingia chumbani. Akatoka amevaa lile gauni, mkono mmoja wa kushoto umekaa sawa, mwingine umemkunjia bega mpaka karibu na sikio. Akasimama wima mbele ya ukuta.

"Piga picha, uwatumie," akasema. "Wamwone marehemu."