Wasiokuwepo Bondeni

Jana mchana Atanasi Mgaya aliota ameketi mezani katikati ya bonde la matete, hapo hapo Njombe mjini, akiita majina.

Kabla ya ndoto mambo yalikuwa hivi. Atanasi ndiye msimamizi wa kazi ya kulaza bomba la maji kupitia bonde hilo. Kabla katapila halijachimba, kanuni inamtaka atembee eneo zima, atazame viota, vyura na mayai yao, kisha ajaze fomu. Kikionekana kitu, mtaro unahamishwa. Lakini asubuhi kulikuwa na baridi ya Njombe. Alijaza fomu ndani ya gari, vioo vimefungwa: "Hakuna kiumbe hai." Akasaini. Saa saba akala wali wake mle mle, akajinyoosha kwenye kiti, usingizi ukamchukua.

Katika ndoto, fomu imekuwa daftari la mahudhurio, na bonde zima limepanga foleni.

"Chura," anaita Atanasi.

"Sipo," anajibu chura kwa adabu.

"Mnana na watoto wanne."

"Hatupo," anasema mnana kutoka kwenye kiota chake. "Mdogo wao anauliza kama anaruhusiwa kulia, au kulia nako ni kuwepo."

Atanasi anatafuta kwenye kanuni. Haimo. "Asubiri," anasema.

Konokono anafika amechelewa. Anaomba radhi, amekuja mbio sana ili asiwepo.

Mara futi ya kupimia inajivuta yenyewe kutoka mfukoni mwa Atanasi. Inampima kuanzia buti mpaka utosini, halafu inakohoa.

"Msimamizi, wewe umo ndani ya eneo la kazi?"

"Nimo."

"Fomu inasema hakuna kiumbe hai."

"Nilimaanisha wengine."

"Haikuandikwa hivyo."

Atanasi anainamia karatasi. Saini ni yake. Anapoinua kichwa, bonde limekuwa sebule ya mama yake, na mama anamimina chai vikombe viwili, kimoja chake, kingine cha chura.

"Kamwene, mama," Atanasi anamwamkia.

Mama anainuka, anafunga mlango. "Upepo tu," anamwambia chura.

"Una watoto wangapi?" anauliza chura, akipuliza chai.

"Nilikuwa na wa kiume mmoja. Aliandika kwamba hayupo." Mama anasogeza sukari. "Ana mwandiko mzuri."

Atanasi anataka kulia. Anakumbuka kwamba bado hajampa mnana jibu.

Alizinduka kwa mngurumo wa katapila. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Akavua buti: soksi zilikuwa zimelowa chapachapa, na kwenye kidole gumba kumenata ute wenye vidoadoa vyeusi. Mayai ya chura. Mvua haikuwa imenyesha, na yeye hakuwa ameshuka garini tangu asubuhi.

Alitoka mbio pekupeku, akipunga mikono yote miwili. Stamili Kihwele, opereta wa katapila, alizima mashine, ndoo yake ya kuchimbia ikiwa inaning'inia juu ya matete.

"Vipi, bosi?"

"Tusimame, dada. Mtaro tuuhamishie kando ya barabara. Humu mna viumbe."

"Si umenipa karatasi asubuhi kwamba umekagua?"

Vibarua waliacha majembe, wakasikiliza. Atanasi alihisi masikio yanawaka moto.

"Sikukagua. Sikushuka garini."

Stamili aliitazama ile miguu mitupu, tope likipanda katikati ya vidole. Kisha akageuza shingo, akaangalia nyuma, kule walikochimba wiki iliyopita, udongo mwekundu umelala wazi mpaka darajani, hakuna hata tete moja lililosimama.

"Na kule?" aliuliza.

Vibarua wote walikuwa wanamngoja.

"Hata kule sikushuka," alisema Atanasi.