Kiama Amemaliza

Uongo wa Kiama ulianza kwa sababu ya kiti. Asubuhi hiyo aliingia katika hoteli ya Mbeke, au Mama Kaluki kama wateja walivyomwita, ile ya mabati nyuma ya soko la Kitengela, akakuta viti vyote vimekaliwa isipokuwa kimoja kwenye meza ya dirishani. Hapo walikuwa wameinama watu wawili, kila mmoja na gazeti lake na biro yake, kimya kama wanafunzi wa mtihani. Kiama naye alikuwa na gazeti. Alikuwa amelinunua ili apate la kufanya. Tangu wamzike mkewe kule Kajiado, na mwanawe Wahome kumhamishia Kitengela, ghorofa ya nne, ati "Baba asikae peke yake", Kiama alikuwa amekaa peke yake kuliko wakati wowote maishani mwake. Wahome na mke wake walitoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, wakarudi taarifa ya habari ikiwa imeshaisha. Katikati ya hapo kulikuwa na yeye na televisheni, na walikuwa wamechokana.

Basi akaketi, akafungua ukurasa uleule waliofungua wale wawili. Ulikuwa ukurasa wa chemshabongo, ule wa visanduku vyeupe na vyeusi ambavyo mtu hujaza majibu, mengine ya kulala, mengine ya kusimama. Kiama alisoma maelezo mara mbili. Aliendesha lori la maji miaka thelathini na moja, alijua kila kisima kuanzia Kisaju hadi Namanga na kila askari wa trafiki kwa jina la mke wake, lakini shule aliiachia darasa la tano. "Kisawe cha ghadhabu", gazeti lilisema. Hata neno "kisawe" lenyewe lilimshinda.

Wenzake walikuwa wanaandika kwa kasi. Ili asionekane mjinga, Kiama naye akaanza kuandika lililomjia kichwani, kwa herufi kubwa, kisanduku baada ya kisanduku: MANDAZI HII NI JIWE. Akaendelea: HUYU MZEE ANAKOHOA KAMA TREKTA. Baada ya dakika nane visanduku vilijaa. Akakunja gazeti.

"Nimemaliza," akasema.

Ndolo, yule mzee wa kikohozi, alikuwa mpimaji wa mashamba kabla ya kustaafu na alipenda kuhakikisha mambo. Akavua miwani. "Umemaliza?"

"Leo ilikuwa rahisi."

Mtu mwenye akili timamu angesema anatania, wacheke, anywe chai yake. Kiama hakusema. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu alikuwa amemtazama usoni, na yeye akaupenda ule utazamaji kupita kiasi.

Kesho yake alirudi, akamaliza tena. Meza ile ilikuwa na desturi mbili zilizomfaa kuliko dawa. Ya kwanza, aliyemaliza hafungui mdomo mpaka wenzake wamalize, asije akawaharibia utamu. Ya pili, kuomba kuona gazeti la mwenzako kulihesabiwa sawa na kumpekua mfukoni. Kwa hiyo Kiama alijaza visanduku kwa lolote aliloliona au kulifikiria, akakunja, akasema "nimemaliza", akanywa chai huku akitabasamu. Akiondoka aliliacha gazeti ndani ya katoni ya Mbeke ya karatasi za kufungia mandazi, na ushahidi ukaenda zake mitaani ukiwa umelowa mafuta. Ikapita miaka miwili na miezi minne. Ndolo alimwita Profesa. Mwihaki, yule mwingine wa mezani, mwenye duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara, aliyewaacha wateja na kuku wao wagonjwa wangoje mpaka ajaze kisanduku cha mwisho, alikuwa akiwaambia watu kwamba kichwa kama cha Mzee Kiama kilipaswa kuwa bungeni. Sijui kama alimaanisha sifa.

Mambo yangebaki hivyo kama si Ndolo na mdomo wake. Ndolo alikwenda kwenye mazishi Kajiado, akakutana na Ouma, mwenye duka la dawa huko, ambaye pia alikuwa na meza yake ya chemshabongo. Maiti hajashushwa kaburini, wale wawili wamekwisha kubishana meza ya nani ni kali. Kajiado walikuwa na Mwalimu Naisenya, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mitano na hakuogopa neno lolote. "Sisi tuko na Kiama," Ndolo akasema. Wakakubaliana: Jumamosi, Kajiado, bingwa mmoja kila upande, gazeti jipya lifunguliwe mbele ya mashahidi. Watakaoshindwa wakome kujiita klabu.

Kiama alipoambiwa aliweka kikombe chini, akashika goti.

"Goti langu linauma," akasema.

"Utaenda na gari langu, hii Probox. Hata ukitaka nakubeba."

"Jumamosi niko na mambo ya kanisa."

"Kanisa ni Jumapili, Mzee."

"Macho nayo..."

Mwihaki akavua miwani yake mwenyewe na kumwekea mbele. "Unaona vile watu wa akili wanajishusha?" akamwambia Ndolo. "Wewe ungekuwa umeshatangaza kwa redio."

Alhamisi Kiama aliamua kusema ukweli. Alifungua mdomo kabisa. Wakati huohuo Ndolo akamsogezea kopo la sukari na kusema, "Mzee, bila wewe hii meza ingekuwa ya watoto." Kiama akaufunga mdomo, akatia vijiko vitatu. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kuchekwa. Alikwisha kuchekwa na watu wabaya zaidi, trafiki wakiwemo. Aliogopa ile televisheni.

Jumamosi Probox iliondoka saa mbili asubuhi. Mwihaki alikaa mbele na Ndolo. Nyuma alikaa Kiama na Mbeke, aliyefunga hoteli kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi, chupa ya chai miguuni na beseni la mandazi mapajani. Kiama aliomba Mungu wapate pancha. Hakuomba makubwa, gurudumu moja tu. Wakapita Kisaju, wakapita Isinya. Lile gari lililokuwa likisukumwa kila wiki siku hiyo liliteleza barabarani bila hata kukohoa, na mwenyewe akakohoa kwa niaba yake.

Kajiado walikuwa wamepanga viti nyuma ya duka la Ouma, watu kama kumi na wawili, na meza mbili zikitazamana.

"Supa," Naisenya akamsalimia Kiama kwa Kimaasai na kumpa mkono. Alikuwa mama mrefu, mtulivu, mwenye biro tatu.

"Supa oleng," Kiama akajibu, na hilo lilikuwa neno la mwisho ambalo alikuwa na uhakika nalo asubuhi hiyo.

Ouma akafungua magazeti mawili mapya, akampa kila mmoja lake, akapiga filimbi. Kiama akatazama visanduku. Angeweza kuviacha vitupu hadi muda uishe, ashindwe kiungwana kama watu wengine wanavyoshindwa. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka miwili, nao ulianza kazi bila kumwuliza.

Dakika ya tano Naisenya akabadilisha biro. Dakika ya saba akafuta jasho, na watu wa Kajiado wakaanza kutazamana. Dakika ya tisa akainua kichwa, akamtazama Ouma, akavuta pumzi ili aseme jambo.

Na hapa ndipo ningemkaba Kiama koo kama ningekuwa karibu. Jambo alilotaka kusema Naisenya ndilo lililokuwa la kumwokoa. Kiama angenyamaza muda wa kumeza mate tu, angerudi Kitengela na heshima yake, Profesa mpaka kufa. Lakini visanduku vyake vilikuwa vimejaa, na vikijaa huwa anasema.

"Nimemaliza."

Ndolo aliruka hadi kiti chake kikaanguka. Mwihaki akapiga vigelegele. Naisenya peke yake hakusogea.

"Amemaliza nini?" akauliza polepole. "Hebu angalieni hapa. Moja ya kulala, mtu anayefinyanga vyungu. Mfinyanzi. Herufi tisa. Visanduku ni vinne. Mbili ya kulala, mtoto wa ng'ombe. Ndama, herufi tano. Visanduku ni kumi na moja. Wamechapisha maswali ya siku moja na visanduku vya siku nyingine."

Ouma akavaa miwani, akapima kwa kidole, akaita gazeti lingine kutoka dukani. Lilikuwa vilevile.

"Ni kweli," akasema. "Hii haiwezi kumalizwa na mtu."

Vichwa vyote vikageuka kumtazama Kiama.

Ouma akanyoosha mkono. Desturi ya kutopekuana ilikuwa ya Kitengela, huku haikufika. Kiama akampa gazeti, kwa sababu angefanya nini, alimeze? Ouma akasoma kwa sauti ya kutangaza washindi, kisha sauti ikabadilika.

"Ndolo... anakoroma... akiwa macho."

Kicheko kilipasuka. Hata kuku wa jirani walikimbia.

"Mwihaki akicheka... utafikiri kuku ametaga." Watu wakashika mbavu, isipokuwa Mwihaki. "Chai ya Kajiado ni maji ya betri." Hapo watu wa Kajiado wakaacha kucheka.

Ouma akateremka hadi mstari wa chini. Midomo yake ikasogea lakini sauti haikutoka. Akamtazama Kiama kidogo, akakunja gazeti.

"Hapa mwisho maandishi yameharibika," akasema. "Hayasomeki."

Yalisomeka vizuri sana. Kiama aliandika herufi zake kama namba za gari siku zote. Mstari wa mwisho ulisema: WAKIJUA NITAKAA NA NANI.

Mbeke akasimama na kumchukua Ouma lile gazeti mkononi. "Leta nifungie mandazi," akasema.

Katika safari ya kurudi walifika Isinya. Hapo Ndolo akasema, "Miaka miwili." Walipofika Kisaju akasema, "Na miezi minne." Mwihaki alitazama dirishani njia nzima. "Kuku," alikuwa akirudia peke yake. "Kuku!" Walimshusha Kiama langoni, Probox ikaondoka bila kwaheri.

Jumatatu hakwenda. Jumanne hakwenda. Jumatano aliwasha televisheni, akakuta mwanamke anafundisha kupika samaki ambaye hapatikani Kajiado nzima, akamtazama hadi samaki akaiva. Aliona aibu hata mbele ya yule samaki. Akalia kidogo, akajifuta haraka ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Saa nne mlango ukagongwa. Alikuwa Mbeke, anahema kwa ngazi za ghorofa nne, kifurushi mkononi. Akaingia na kukaa kabla ya kukaribishwa.

"Baba Wahome, kula. Iko moto."

Mandazi yalikuwa yamefungwa kwa ule ukurasa wa Jumamosi. Kiama akaugeuza upande wa matangazo ya matanga.

"Usigeuze," Mbeke akasema. "Kwani unadhani hizi gazeti zako nilikuwa nafungia watu bila kusoma? Siku ya kwanza uliandika mandazi yangu ni jiwe. Nilikasirika, nikataka kukumwagia chai. Lakini kesho yake nikabadilisha unga. Wewe ukaandika, LEO AFADHALI. Nikaongeza iliki. Ukaandika, MAMA KALUKI AMEAMKA VIZURI. Wale wawili wanakula macho yakiwa kwa karatasi, hawajui hata kama ni mandazi ama ni sabuni."

"Kwa hivyo ulijua?"

"Tangu hiyo wiki ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Niseme, halafu niwe nikisoma nini asubuhi?"

Kiama hakujua aangalie wapi. Mbeke akaangalia kwa niaba yake: televisheni, kiti kimoja chenye shimo la kukaliwa, kikombe kimoja kwenye sinki.

"Ule mstari Ouma alisema hausomeki," akasema, "mimi niliusoma. Nikasomea Ndolo. Nikasomea Mwihaki."

Aibu ilimpanda Kiama hadi masikioni. "Wakasema nini?"

"Ndolo alienda nje kukohoa. Mwihaki amesema mambo ya kuku hatakusamehea leo wala kesho. Lakini jana mtu wa bima alitaka kukaa kwa kiti chako, akamfukuza na kijiko." Mbeke akasimama. "Vaa koti. Nimeacha chai kwa moto."

Alipoingia hotelini hakuna aliyeinua kichwa. Kiti chake kilikuwa wazi. Akaketi pembeni kabisa, kama mgeni. Safari hii palikuwa na gazeti moja tu, limetandazwa katikati ya meza, na Ndolo alikuwa amelishikilia kwa kikombe lisipeperuke.

"Saba ya kusimama," Ndolo akasema, bado ameinama. "Upepo mkali wenye mvua. Herufi sita, ya pili ni U."

Ilimchukua Kiama muda kuelewa kwamba anaulizwa yeye. Alivitazama vile visanduku vitupu. Tabasamu lake la zamani lilikuwa tayari kabisa mdomoni. Akalimeza.

"Sijui," akasema.

Mwihaki akamsukumia biro bila kumtazama.

"Hata sisi. Tuko hapa tangu saa mbili. Sogeza kiti."