Mweka Kasi wa Changamwe

Stambuli Nassor alikimbia marathoni kumi na moja za Ulaya kabla hajamaliza hata moja, na kila aliposimama njiani watu walimpa mkono na kumshukuru. Shida ilikuwa nyumbani. Changamwe, mtaani kwao pwani, hawakuielewa kazi yake.

Alianza mwaka wa 1984, akiwa tarishi wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Kazi yake ilikuwa kuchukua karatasi ofisini na kuzifikisha uwanja wa ndege kabla afisa hajaondoka kwenda kula. Ofisi ilikuwa na baiskeli moja, nayo alikuwa akiipanda karani mkuu, kwa hivyo Stambuli alikimbia. Miaka mitatu alikimbia njia ile ile, jua la utosini, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, na mwili wake ukajifunza saa bila yeye kujua. Ukimwambia afike kwa dakika kumi na nane, alifika kwa kumi na nane. Hazikuwa kumi na saba, wala hazikuwa kumi na tisa.

Mwaka wa 1987, kwenye mashindano ya wafanyakazi wa viwandani, alishika nafasi ya tatu katika mbio za mita elfu kumi. Walioshangilia walimshangilia wa kwanza. Mholanzi mmoja aitwaye Pieter, wakala wa wanariadha aliyekuja pwani kupumzika, alikuwa ameketi chini ya turubai na saa yake mkononi. Aliona kwamba yule wa tatu alikuwa ameimaliza mizunguko yote ishirini na tano kwa sekunde zile zile.

"Wewe hutashinda sana," Pieter alimwambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi. "Lakini wanaoshinda watakutaka."

Ikawa hivyo. Katika marathoni kubwa, bingwa anayetafuta rekodi huhitaji mtu wa kutangulia, amkatie upepo na kuushika mwendo usipande wala usishuke. Mtu huyo ndiye mweka kasi. Akifika kilomita ya thelathini hujitenga kando, huvishwa koti, hupanda basi. Stambuli alikaa kambini Nyahururu miezi mitano kila mwaka, akitetemeka kwa baridi na kuota mbaazi za nazi, kisha akaenda Ulaya kuwaongoza wakubwa. Kufikia mwaka wa 1990 mabingwa walikuwa wakimtaja kwa jina kabla ya kutia sahihi mikataba yao wenyewe.

Huku nyumbani, jirani yao Baya Lewa, Mgiriama wa kazi za reli, alikuwa na televisheni ya rangi. Jumapili za mbio chumba chake kilijaa hadi kibarazani. Watu walimwona Stambuli mbele ya wazungu na watu wa bara, wakapiga kelele hadi koo zikakauka, kisha ghafla, hayupo. Kamera inafuata wengine.

"Ameishiwa pumzi tena," Baya alisema, akizima sauti.

Mtaani wakampa jina: Bwana Thelathini. Wengine walisema ana pumu. Wengine walisema watu wa bara wamemfanyia dawa kule Nyahururu, kwa sababu mtu wa pwani hawezi kuachwa atangulie hivi hivi. Mama yake, Bi Nana, kila alipokwenda harusini aliulizwa hali ya kifua cha mwanawe, na kila alipoulizwa alirudi nyumbani mapema.

Siku moja alimketisha.

"Nambia kweli, mwanangu. Kifua chakuuma?"

"Hakiniumi, mama."

"Basi mbona wasimama?"

"Nasimama kwa kuwa kazi imekwisha."

"Imekwisha vipi, na wenzio bado wakimbia?"

Stambuli alieleza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Bi Nana alisikiliza kwa adabu, kisha akamletea kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya marashi. Stambuli akanywa lote. Mwezi uliofuata akawaongoza mabingwa katika mji mmoja wa Ujerumani kwa mwendo ambao haujapata kuonekana huko, akasimama kilomita ya thelathini.

Bi Nana akaona kombe limekataa. Akaenda kwa Maalim Rama kuuliza kama pesa ya kushindwa ni halali.

Maalim alizivuta ndevu zake kwa muda. "Bi Nana," akasema, "huyu ni kama mshenga. Hutangulia, husema maneno, hufungua mlango, kisha hukaa kando bwana harusi akapita. Halali kabisa."

"Mshenga hula pilau, Maalim. Huyu wangu harusi ikifika yeye ashapanda basi."

Aliyeielewa kazi hiyo alikuwa mke wake, Tumu. "Wasafiri, wakimbia, warudi mzima," alimwambia. "Waache waseme." Lakini Tumu alikuwa mmoja, na mtaa ulikuwa mtaa.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1993 Stambuli aliitwa Uholanzi kumwongoza Mreno aitwaye Duarte, aliyetaka kuivunja rekodi ya marathoni ya huko. Asubuhi ya kuondoka, Bi Nana alimshika mikono miwili mlangoni. Hakulia wala hakumlaumu.

"Mara moja tu, Stambuli. Niione kamba ikikatika kifuani mwako, kisha fanya upendavyo."

"Inshallah, mama," akajibu, kama mtu ajibuvyo akiwa na haraka.

Mbio zilikwenda kama alivyozoea. Kila kilomita dakika tatu na sekunde mbili, Duarte nyuma yake akipumua kwa utulivu wa mtu aliyepanda gari la kukodi. Kwenye kilomita ya thelathini Stambuli alimwona msichana wa Kiholanzi amesimama na koti tayari. Akajitenga kando hatua mbili. Akalitazama lile koti. Likamjia zulia la Baya, na watu wote walioketi juu yake wakingojea kuguna.

Miguu ikarudi barabarani.

Kilomita ya thelathini na moja hakuwa ameiona katika maisha yake. Alijiambia ataiona hiyo tu. Duarte alimsemesha kwa Kireno, mwanzoni kwa upole, halafu kwa ukali. Stambuli hakujua mbinu za mwishoni. Hakuna aliyewahi kumfundisha, maana hakuna aliyetarajia awepo. Akafanya jambo moja alilolijua, dakika tatu na sekunde mbili, halafu tena. Mapaja yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto. Duarte akangojea aanguke. Akangojea kilomita ya thelathini na tano, akangojea ya thelathini na nane, na alipofahamu kwamba mtu huyu haanguki, njia ilikuwa imebaki fupi. Stambuli akaikata kamba hatua sita mbele yake.

Changamwe, kiti cha Baya kilivunjika. Mkewe, Kafedha, alikuwa ameshatoka mbio bila viatu hata kamba haijaonekana, akamkuta Bi Nana juu ya mswala.

"Bi Nana! Amepita!"

"Amepita wapi?"

"Amepita thelathini!"

Bi Nana akasujudu, na hakuinuka mpaka Kafedha alipoanza kuogopa.

Jioni hiyo Pieter alimkuta Stambuli chumbani hotelini, miguu ndani ya beseni la barafu.

"Umefanya nini?"

"Nimeshinda."

"Nimeona. Sasa niambie, bingwa gani atamlipa mtu amwongoze, kisha mtu huyo amnyang'anye?"

Stambuli akatazama kando ya beseni. Palikuwa na kikombe chake cha fedha, kikubwa kiasi cha kukogea mtoto.

Uwanja wa ndege alipokewa kwa matari na chakacha, akavishwa mashada ya asumini hadi masikioni. Diwani alihutubia kuhusu vijana wa pwani waliodharauliwa. Jina la Bwana Thelathini likafutika siku hiyo hiyo, na pamoja nalo zikafutika simu za Ulaya. Duarte aliwaambia wenzake, nao wakawaambia wenzao.

Akabaki kukimbia kwa ajili yake mwenyewe. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa na mwendo mmoja tu. Waandaaji walimwalika kwa sababu ya ule ushindi, na wakimbiaji wakaambizana pale pale mstarini, "Mfuateni Stambuli, huyo ni saa." Wakajipanga nyuma yake kama watu wanaongojea mkate wa sinia. Akawakatia upepo kilomita thelathini, akaendelea kuwakatia hadi thelathini na nane, kisha wakampita mmoja mmoja, na wengine wakampungia mkono. Kazi ilikuwa ile ile ya zamani, isipokuwa sasa alimaliza na hakulipwa. Akawa wa saba, akawa wa tisa, mwaka wa 1996 akawa wa ishirini na tatu. Goti la kushoto likaanza kulia kama bawaba.

Lakini Changamwe walifurahi. Kila aliporudi Baya alimkumbatia. "Umefika! Hilo ndilo kubwa." Bi Nana alikwenda harusini akakaa hadi mwisho. Tumu peke yake ndiye aliyekuwa akichemsha maji ya chumvi usiku, akilikanda lile goti.

Idi ya mwaka wa 1997 walikula pamoja kwa Bi Nana. Katikati ya chakula, mama akakumbuka jambo.

"Kuna mtu alikupigia dukani wiki mbili zilizopita, wewe ulikuwa hospitali kwa lile goti. Ajiita Kioko, asema atumwa na yule Mholanzi wako. Yule Mreno ameacha mbio, watu wamesahau. Watafuta mtu mtulivu wa kuwaongoza wanawake, hadi kilomita ya ishirini na tano. Mwendo wenyewe asema kwako ni kama matembezi. Na mkataba ni wa miaka mitatu."

Stambuli aliacha kutafuna. Tumu naye akainua uso.

"Ukamwambiaje, mama?"

"Nilimwambia akome!" Bi Nana alisema, macho yakimng'aa kwa fahari. "Nilimwambia mwanangu siku hizi ni mtu wa kumaliza, hizo kazi za nusu nusu awatafutie wengine. Akasema basi, atamchukua mtu mwingine. Nikamwambia amchukue."

Tumu alimtazama mumewe, kisha akaitazama sahani yake.

"Ahsante, mama," Stambuli akasema, akamega kipande kingine cha mkate.